Bima ya Ng'ombe Mmoja

Tunakaa Kilole, Korogwe, upande ule ambao nyumba zinaanza kuachana na vishamba vinaingia katikati. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na bado tunaye. Mama anaumwa kiuno tangu enzi alipokuwa akianika singa, zile nyuzi za katani, kwenye shamba la mkonge, hawezi kuinama kwa muda mrefu. Kwa hiyo kukata majani, kuzoa mavi na kukamua ni kazi yangu. Kuzungusha maziwa kwa wateja ni kazi yake. Baba alishafariki. Hatuna duka wala shamba la maana. Chumvi, sabuni, dawa za mama, kila kitu kinatoka kwenye chuchu nne za ng'ombe yule.

Mimi nilimaliza darasa la saba nikabaki nyumbani. Si mwongeaji. Wateja humtania mama kwamba amezaa bubu, naye huwajibu kwamba afadhali bubu kuliko redio isiyozimika.

Habari ya bima ililetwa kwenye kikundi chetu cha wafuga ng'ombe. Huwa tunakutana kwenye uwanja wa shule siku ambazo watoto hawapo, tunakaa kwenye mizizi ya miti na kwenye matofali yaliyobaki ya choo. Siku hiyo alikuja dada mmoja wa kampuni ya bima, wa umri kama wangu, viatu vyake vimejaa tope jekundu, akiwa na bwana mifugo wa kata yetu. Alieleza taratibu, hakuwa na maringo. Unalipa mara moja kwa mwaka. Bwana mifugo anampima ng'ombe wako, anamvika hereni ya plastiki yenye namba. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa au kwa ajali, kampuni inakurudishia sehemu kubwa ya bei yake. Mwishoni akasema jambo ambalo siku hiyo lilitupita wote: ng'ombe akizidiwa, asichinjwe mpaka bwana mifugo amwone.

Mama aliinua mkono.

“Na asipokufa?”

“Asipokufa, mama, tunamshukuru Mungu.”

“Na hela yangu?”

“Inakuwa imeshafanya kazi yake.”

“Kazi gani, na ng'ombe hakufa?”

Watu walicheka, na yule dada naye akacheka. Akasema wenye kutaka wana mpaka mwisho wa mwezi.

Hela yenyewe ilikuwa kama maziwa ya wiki mbili, kabla hujatoa pumba na mashudu. Kwa mtu mwenye mshahara labda ni kitu kidogo. Kwetu ilikuwa na majina mengine tayari. Bati la banda lilikuwa limetoboka juu ya kihori, mvua ikinyesha pumba zinalowa. Mama alikuwa ameambiwa arudi hospitali kwa ajili ya kiuno, akawa anasogeza tu, wiki hii, wiki ijayo. Nilipokwenda kukata matete kule mtoni nilikuwa nafikiria bati, halafu kiuno, halafu ng'ombe amelala miguu imenyooka, halafu narudi kwenye bati. Mzigo wa majani kichwani nao ulikuwa ule ule wa kila siku. Nilichoka kufikiri kuliko nilivyochoka kubeba.

Mama yeye alikuwa na hoja moja, na ilikuwa nzito. Kabla ya ng'ombe huyu tulikuwa na mwingine. Huyo wa kwanza alitumbukia kwenye shimo la choo lililokuwa linachimbwa, akavunjika mguu wa mbele. Mzee mmoja jirani yetu alikuja na kisu. Huyu mzee ni Mshambaa aliyeshuka milimani ujanani mwake, ni Mwislamu, nasi ni Wakristo, lakini mtaani kwetu kisu ni chake, kwa kuwa akichinja yeye kila mtu anakula. Sote tunamwita Babu. Alimchinja ng'ombe wetu palepale shimoni, vijana wakamvuta, nyama ikapangwa mafungu juu ya majani ya mgomba. Kila nyumba ikachukua fungu. Hata mwenye pressure ambaye hali nyama nyekundu alichukua. Kwetu nyama ya msiba wa namna hiyo hainunuliwi kwa hamu, inanunuliwa kama mtu anavyotoa rambirambi. Asiye na hela anachukua, analeta baadaye, na wengi walileta. Kwa hela ile mama alinunua ndama, na ndama ndiye huyu ng'ombe tunayekamua.

“Huyu tumenunuliwa na mtaa,” mama aliniambia. “Leo nikamlipe mtu wa mjini anilindie?”

Nilikuwa na hofu tu, na hofu si hoja.

Katikati ya mwezi huo mama alinituma Sindeni, kwa Bibi, mama yake mzazi, nimpelekee sukari na dawa ya kuchua miguu. Nilipanda gari la Handeni asubuhi, nikashuka njiani, nikamkuta Bibi amekaa nje anapepeta kunde. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia, akaniuliza kwa Kizigua kama nimekuja na mume au nimekuja na sukari tu. Bibi ndivyo alivyo.

Ni mtu pekee ambaye naweza kuongea naye bila kujipanga, labda kwa kuwa hanisubiri nimalize. Nilimweleza habari ya bima. Akaniuliza mara mbili hiyo hereni inavaliwa sikio gani, utafikiri hilo ndilo kubwa. Kisha akasema:

“Kwa hiyo unampa mtu hela akae asubiri ng'ombe wako afe.”

“Siyo hivyo, Bibi.”

“Ndivyo. Ila hata mchimba kaburi tunampa hela.”

Nilidhani atasimama upande wa mama. Nikamwambia kwamba mama anasema mtaa wetu unatosha, na kwamba ng'ombe wa kwanza mtaa ulimlipa. Bibi aliendelea kupepeta. Baadaye akaanza kunisimulia mwaka wa ukame ambao mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki. Malambo yalikauka, majani yakaisha, ng'ombe wa Wazigua na wa Wamasai wakawa wanaanguka njiani kwenda kutafuta maji. Asubuhi moja alichinjiwa ng'ombe wake aliyeshindwa kuinuka. Akapanga mafungu, akakaa na majirani zake wa siku zote. Hakuna aliyenunua. Haikuwa roho mbaya. Kila nyumba ilikuwa na nyama yake juu ya majani, kila mmoja anamtazama mwenzake.

“Jirani anakufaa ukianguka peke yako,” alisema. “Mkianguka wote, nani amwinue nani? Ile nyama tuliwapa mbwa, na mbwa wenyewe walikuwa wameshiba.”

Akanimiminia kunde kwenye mfuko nizibebe. Njiani kurudi Korogwe nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama, nayapanga nayabomoa. Nilipofika nilimwambia yote kwa mpigo, mama akiwa anachuja maziwa. Aliniacha nimalize. Alisema mama yake hajawahi kumsifia hata mume, kama amesifia bima basi kuna kitu. Siku mbili baadaye akaitoa hela kwenye kopo, akanikabidhi bila kuihesabu mbele yangu. Bati likabaki na tundu lake. Nililiziba kwa mfuko wa sementi.

Hereni ilikuwa ya njano. Bwana mifugo alipombana ng'ombe sikio alilia kidogo, kisha akaendelea kula. Mtaani ikawa mzaha wa wiki nzima. Mama mmoja jirani, anayeuza vitumbua, mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, alisimama kwenye uzio akasema mama yangu amemvalisha ng'ombe hereni na binti yake masikio yako wazi, je, posa ikija itapelekwa bandani? Nilicheka na mimi. Lakini Babu hakucheka. Aliitazama ile hereni, akauliza ya nini. Mama akamweleza. Babu akasema, “Haya,” akaenda zake. Mama alibaki ameshika ndoo, akaniuliza kama nimeona alivyosema hiyo haya. Nilikuwa nimeona.

Mvua za vuli zilianza vizuri mwaka ule. Asubuhi moja, baada ya mvua ya alfajiri, nilikwenda mtoni kukata majani. Niliporudi nikakuta kamba imekatika na banda tupu. Ng'ombe alikuwa ameingia kwenye kunde za Babu, kunde changa zenye maji bado, na alikuwa ameshamaliza karibu nusu ya shamba. Nilimvuta nikamrudisha. Hakupinga, na hilo lilinitisha, kwa sababu ni ng'ombe mbishi. Haukupita muda ubavu wake wa kushoto ukaanza kuinuka. Ukiupiga kwa kiganja unalia kama ngoma. Akawa anapumua mdomo wazi, ulimi nje, macho yamemtoka.

Mama alikuwa ameshatoka na maziwa, na simu yake alikuwa ameiacha juu ya kitanda. Nilimpigia bwana mifugo. Alikuwa mbali, Mazinde, anachanja ng'ombe. Aliniambia nimsimamishe sehemu yenye mwinuko, kichwa kikae juu, nimnyweshe mafuta ya kula, na yeye anatafuta bodaboda sasa hivi. Kabla ya kukata simu akasema, “Wasimchinje. Wakimchinja sijamwona, bima hailipi. Umenisikia?”

Nilipotoka nje watu walikuwa wameshaanza kufika. Mtaani kwetu habari ya ng'ombe aliyevimba haihitaji kupigiwa mbiu. Vijana wawili walikuwa wanakata majani ya mgomba. Mama muuza vitumbua alikuja na beseni. Wengine walikuwa na visu vidogo na mifuko. Na Babu alikuwa amekuja, amevaa koti lake la mvua, kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amepita shambani kwake, ameona kunde zilivyofanywa, hakusema neno juu ya kunde. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe, akampapasa ubavu, akatikisa kichwa.

“Mlazeni,” aliwaambia vijana. “Elekezeni kichwa kibla. Upesi, huyu hana muda.”

Nisimulie hapa nilivyokuwa, maana nimejaribu kuandika sehemu hii mara kadhaa. Watu wote wale walikuwa wamekuja kutusaidia. Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Ng'ombe akifa bila kisu ni kibudu, haliwi, anafukiwa, na mtaa hauna cha kununua wala cha kutupa. Kila ng'ombe waliyemwona akivimba hivyo walikuwa wamemchinja, na walikuwa wamefanya sawa. Na mimi nilitakiwa niwaambie waache. Nikiwaambia waache na ng'ombe akafa, tutalipwa na kampuni, lakini Babu atakuwa amesimama na kisu chake akitazama kibudu kwa sababu yangu. Nikinyamaza, kazi itakwenda kama inavyokwenda siku zote, na hakuna atakayenilaumu, isipokuwa ng'ombe hatakuwepo.

Nilisema. Hawakusikia. Nikasema tena.

“Babu, naomba asichinjwe.”

Vijana waliokuwa wameshika pembe walinigeukia. Babu naye.

“Asichinjwe afanywe nini, mjukuu wangu?”

“Tumsubiri bwana mifugo. Yuko njiani.”

“Njiani wapi?”

“Mazinde.”

Kuna mtu aliguna. Mama muuza vitumbua akasema hereni ilianza kumziba ng'ombe masikio, sasa imemziba na mwenyewe. Wengine wakacheka, kicheko cha watu waliokasirika kidogo. Babu hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama ni mama ndiye amesema. Nilimwambia mama hayupo, nimesema mimi. Nikamwambia na habari ya bima, kwamba akichinjwa kabla ya kuonwa hatulipwi. Nilikuwa namtazama miguuni.

Babu akavuta tofali akakalia, kisu juu ya mapaja.

“Mimi siondoki,” alisema. “Ng'ombe ni wenu. Lakini nikiona anakata roho sitakuuliza wewe wala kampuni yako. Siwezi kukaa hapa na kisu halafu mnyama afe hivihivi.”

Nikasema sawa.

Nilihitaji mafuta, na ndani hakukuwa na mafuta. Nilimwomba mama muuza vitumbua. Alinitazama kama niliyemwomba kanga aliyoivaa. “Mafuta yaliyopo nimeyaweka nikaangie maini,” alisema, “maini ya huyuhuyu.” Lakini akaenda, akarudi na chupa. Babu mwenyewe ndiye aliyemshika ng'ombe taya na kumwinua kichwa, maana mimi nilishika chupa. Nilimimina kidogo kidogo, mengine yakamwagikia mkononi mwa Babu. Tukamgeuza, miguu ya mbele ikae juu ya lundo la samadi, ya nyuma chini. Akasimama hivyo, anatikisika.

Tukasubiri. Mvua ya manyunyu ilianza tena. Watu walianza kupungua, mmoja akakumbuka uji jikoni, mwingine mtoto. Majani ya mgomba yalibaki yametandazwa uani, yanapokea maji. Babu hakunyanyuka. Kila ng'ombe alipolegea magoti, mkono wake ulikwenda kwenye kitambaa, na mimi nikawa nautazama mkono ule kuliko nilivyomtazama ng'ombe. Mara moja alianguka kabisa. Babu alisimama, kitambaa kikamtoka mapajani. Nilimpiga ng'ombe kwa kiganja mgongoni, nikamvuta mkia, nikamtukana, mimi ambaye sijawahi kumtukana mtu, na ng'ombe akajizoazoa akainuka. Babu akakaa tena. Alikuwa anahema kama mimi.

Bodaboda ilipofika bwana mifugo alishuka kabla haijasimama vizuri. Alimpapasa, akatoa chuma chake chenye mrija, akamchoma ubavu wa kushoto pale juu palipotuna. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu, na povu la kijani, na harufu ambayo iliwaondoa hata waliobaki. Ng'ombe alishuka ubavu taratibu kama mpira unaotobolewa. Baadaye kidogo akacheua. Nilikaa chini kwenye matope. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikufurahi.

Mama muuza vitumbua alichukua beseni lake tupu, akalitazama, akasema, “Haya jamani, leo tumeshiba hewa.” Babu alifunga kisu chake. Aliniambia nimfunge ng'ombe kwa mnyororo siku nyingine, akaondoka kupitia kwenye shamba lake la kunde.

Mafuta tuliyarudisha kesho yake. Kunde tulizilipa kwa maziwa, kikombe kila asubuhi, mpaka zile zilizobaki zikakomaa. Babu aliyapokea bila kusema mengi. Nilidhani yameisha.

Baada ya msimu huo kupita, ng'ombe wa nyumba ya tatu kutoka kwetu aliteleza kwenye korongo akavunjika nyonga. Tulijua kwa kuona watu wanapita mbele ya nyumba na nyama kwenye mifuko. Hakuna aliyekuja kutuita. Mama alisimama mlangoni, akamsimamisha mama muuza vitumbua, akamuuliza mbona hatukuambiwa.

“Tulijua ninyi mna bima,” alisema. Sidhani kama alikusudia kumuumiza. Alisema kama mtu anavyosema tulijua ninyi mmesafiri.

Mama aliingia ndani akakaa. Mimi nikaendelea kupepeta pumba. Kisha akajifunga kanga, akachukua beseni, akaenda na kiuno chake kile, akipinda upande mmoja. Alikuta zimebaki kwato na mapafu. Alichukua vyote, akatoa hela ya nyama ya steki, mwenye ng'ombe akataka kukataa, mama akamwekea mkononi akamfunga vidole. Tulikula supu ya kwato mpaka nikawa naota harufu yake.

Mwaka ukaisha, dada wa bima akatuma ujumbe kwamba ni wakati wa kulipia upya. Ulifika wakati mbaya kuliko wa kwanza. Ng'ombe alikuwa na mimba kubwa, tulikuwa tumeacha kumkamua, kwa hiyo kwenye ndoo hakukuwa na kitu na kwenye kopo kulikuwa na kidogo. Kampuni haikuwa imetulipa hata senti, kwa kuwa ng'ombe hakufa. Mama alikuwa bado hajarudi hospitali. Mfuko wa sementi juu ya kihori ulikuwa umechanika. Na mtaa tulikuwa tumeukwaza, kidogo, kwa namna ambayo haina pa kuombea msamaha.

Tulikaa jikoni, mama anachambua mchicha. Nilidhani ataniuliza lile swali lake, kazi gani, na ng'ombe hakufa. Aliniuliza kitu kingine.

“Ile asubuhi, kama asingekuwa na hereni, ungewaambia nini?”

Nilifikiri.

“Ningenyamaza.”

“Wangemchinja.”

“Wangemchinja.”

Mama alitupa mashina ya mchicha pembeni. Alikaa akitazama mikono yake, ile yenye vidole vilivyokakamaa kwa singa. Kisha akasema twende tukalipie, na wiki hiyohiyo, jirani yeyote akichinja hata kuku wa msiba, mimi niwe wa kwanza kufika na beseni, nisingoje kuitwa. Nilimuuliza hela ya yote mawili itatoka wapi. Akasema hajui. Tuliuza jogoo na samadi ya kwenye lundo, lile lundo ambalo ng'ombe alisimama juu yake, na tukakopa pumba mpaka atakapozaa.

Siku niliyotoka kulipa nilimkuta Babu anapalilia kunde mpya. Nilimwamkia kutoka barabarani, akaitikia, akaegemea jembe.

“Mmelipa tena ile hereni?”

“Tumelipa, Babu.”

“Basi mimi kisu changu nikiache nyumbani?”

Alisema bila hasira. Alikuwa anauliza kweli, mtu mzima anayetaka kujua pa kukaa.

“Hapana, Babu,” nilimwambia. “Uje nacho.”

Aliniangalia, akarudi kupalilia. Nilipofika nyumbani nilimfunga ng'ombe kwa mnyororo, nikachukua panga na kamba, nikaenda kukata majani.